Kalamu Nyekundu ni ya Nani?

Katika kazi ya ualimu hakuna chombo kidogo chenye mamlaka makubwa kama kalamu nyekundu. Mwanafunzi huandika kwa wino wa buluu au mweusi. Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu. Na tangu darasa la kwanza mtoto hufahamu, bila kuambiwa, kwamba rangi hiyo si yake. Vema na kosa, alama juu ya kumi, "rudia kazi hii", "mwandiko mbaya": yote hayo hutoka upande mmoja wa meza kwenda upande wa pili. Nimeishika kalamu hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa, baadaye mkuu wa shule, na baada ya kustaafu nikiwa mkufunzi wa muda katika chuo cha ualimu. Swali ninaloliandikia hapa lilinijia katika kipindi hicho cha mwisho, wakati blogu na wiki zilipoanza kuzungumzwa kama vifaa vya kufundishia. Watu wengi huuliza kama vifaa hivyo vina manufaa au hasara, kama ni rahisi au ni ghali. Mimi nauliza jambo lililo nyuma ya hayo. Mwanafunzi akipewa uwezo wa kufuta sentensi ya mwenziwe, amepewa kwa haki ipi? Ni nani hasa anayestahili kumsahihisha mwingine?

Huenda msomaji wangu hajapata kuvitumia vifaa hivi, kwa hiyo nitavieleza kwa ufupi. Blogu ni ukurasa katika intaneti ambamo mtu huandika habari au mawazo yake, andiko jipya likiwekwa juu ya lile la zamani, na wasomaji huweza kuacha maoni yao chini yake. Mwenye blogu hubaki kuwa mwenye maneno. Msomaji huweza kumsifu au kumkosoa, lakini hawezi kuingia ndani ya sentensi yake akaibadilisha. Wiki ni kitu kingine. Humo kila ukurasa una kitufe cha kuhariri, na yeyote aliyeruhusiwa huweza kukibonyeza akaongeza, akapunguza au akafuta. Wiki ya kwanza ilifunguliwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995. Jina alilitwaa katika lugha ya Kihawaii, ambamo neno hilo lina maana ya haraka, baada ya kulikuta likitumika kwa mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Wikipedia ilianza Januari 2001, na ile ya Kiswahili, inayojiita kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003.

Nyuma ya kila ukurasa wa namna hii kuna kurasa nyingine mbili ambazo msomaji mwenye haraka hazitazami. Ya kwanza ni historia: kila badiliko lililofanywa limehifadhiwa, pamoja na tarehe, saa na jina au alama ya aliyelifanya, na matini ya zamani huweza kurudishwa wakati wowote. Ya pili ni majadiliano: humo waandishi huelezana kwa nini huyu ameandika hivi na yule akabadilisha vile. Nitadai hapa kwamba kwa mwalimu kurasa hizo mbili zina thamani kuliko ule ukurasa wenyewe unaosomwa na watu wote.

Kabla ya kuendelea, nataka kuliondoa wazo kwamba mambo haya ni mageni kabisa. Kuandika mbele ya watu na kujibiwa mbele ya watu ni desturi ya Waswahili ya siku nyingi. Washairi wa pwani walijibizana kwa tungo kabla ya kuwapo magazeti; na gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, kurasa za mashairi za magazeti zikawa baraza jipya: mmoja hufumba, wa pili hufumbua, wa tatu huwakosoa wote wawili kwa vina na mizani. Miaka ya 1970, diwani ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kichomi ilipotoka mwaka 1974, mabishano juu ya shairi lisilofuata vina yalikuwa makali, nayo yalifanyika hadharani, kwa majina. Hiyo ndiyo blogu kabla ya blogu.

Hata kuandika ndani ya maneno ya mwingine si jambo jipya. Tuna takhmisi. Mshairi huchukua utungo wa mtangulizi wake, akaongeza vipande vyake mpaka kila ubeti ukatimia mistari mitano. Anayeongeza hajifichi, wala hamfichi wa kwanza. Msomaji anayejua huona wapi sauti moja imeishia na nyingine imeanzia. Nchini Ufaransa nako, miaka ya 1920, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Célestin Freinet alileta mashine ya kupiga chapa darasani. Watoto waliandika habari za maisha yao, wakazijadili pamoja, wakapanga herufi kwa mikono yao, kisha wakabadilishana maandishi na watoto wa shule za mbali. Freinet alikuwa ameona kwamba mtoto anayemwandikia mwalimu peke yake huandika ili apate alama, na akishaipata huwa hana haja tena na alichokiandika.

Hapo ndipo penye faida ya kwanza ya vifaa hivi. Insha ya shule ni barua anayeandikiwa mtu ambaye tayari anajua habari. Mwanafunzi anamweleza mwalimu kuhusu malaria, na mwalimu anajua malaria kuliko yeye. Kwa hiyo mwanafunzi haelezi, anathibitisha tu kwamba amekariri. Mpe msomaji asiyejua, mwanafunzi wa darasa jingine au wa mkoa mwingine, na mara moja ataanza kujiuliza maswali ambayo sisi walimu humlazimisha kujiuliza kwa taabu: Je, ataelewa? Je, ni kweli? Nimelitoa wapi jambo hili?

Lakini ni katika wiki ndipo swali langu la kalamu nyekundu linapouma, nami nitaeleza kwa mfano. Chuoni tulikuwa na kompyuta kumi na mbili zilizounganishwa kwa waya, bila intaneti ya kutegemea. Fundi aliweka programu ya wiki ndani ya kompyuta moja, na zile nyingine zikaweza kuifikia. Wanachuo wa somo la historia walipewa kazi ya kuandika kwa pamoja ukurasa juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Msichana mmoja aliyetoka upande wa Songea aliandika aya juu ya kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni, na ndani yake akaweka jambo alilosimuliwa na bibi yake, ambaye naye alilipokea kwa wakubwa wake: kwamba usiku ule katika nyumba yao hakuna aliyewasha moto. Asubuhi alipofungua ukurasa akakuta sentensi hiyo haipo. Mahali pake palikuwa na maneno machache: "Viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906."

Maneno hayo yalikuwa sahihi. Tarehe ni ile inayokumbukwa Songea kila mwaka mpaka leo. Hata hivyo yule msichana aliacha kuandika. Siku tatu alikaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu, na nilipomwuliza akanijibu, "Mwalimu, amemfuta bibi yangu." Aliyefuta alikuwa kijana mwenye bidii, wala hakuwa na nia mbaya. Yeye alisema, "Mwalimu, mtahini hataniuliza habari za moto. Na tena hakuna kitabu kinachosema hivyo."

Tulikaa darasa zima kulizungumza jambo hilo. Baadhi walisema ukurasa ni wa wote, kwa hiyo kila mmoja ana haki ya kufuta. Wengine wakasema sentensi ni ya aliyeileta, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuigusa bila ruhusa. Kila upande ulishika kipande cha ukweli. Kama kila mtu aweza kufuta atakavyo, mwenye sauti kubwa au mwenye muda mwingi ndiye atakayeandika historia ya wote. Na kama hakuna anayeweza kugusa neno la mwenziwe, makosa yatakaa milele kwa sababu ya adabu; tutaheshimiana huku tukipotezana.

Niliwakumbusha mwaka 1968. Wakati huo wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam walikwenda katika maeneo yaliyopigana vita hivyo, wakawauliza wazee, wakaandika waliyosimuliwa. Wanahistoria wa baadaye wameyategemea sana maandishi hayo. Waliofanya kazi ile hawakusema kwamba kila neno la mzee ni kweli. Walisema nani amesema, na wapi. Masimulizi yakishakuwa na jina la msimulizi huwa ushahidi unaoweza kupimwa. Bila jina huwa uvumi, hata yakiwa ya kweli.

Basi wanachuo wakakubaliana. Tarehe ibaki kama ilivyoandikwa. Habari ya moto irudi, lakini katika sehemu ya masimulizi ya familia, ikielezwa nani aliyesimulia na kwamba alipokea kwa wakubwa wake. Na kijana aandike katika ukurasa wa majadiliano kwa nini alifuta. Hili la mwisho ndilo lililomwia gumu. Alikaa na karatasi yake karibu kipindi kizima, kisha akaandika kwamba alidhani jambo lisilo kitabuni haliwezi kuthibitishwa. Msichana akajibu chini yake: "Ungeniuliza ningekuambia nimelitoa wapi." Hakuna somo la historia nililowahi kulitoa kwa chaki lililofika mbali kama mistari ile miwili.

Kutokana na hayo nimefikia rai ambayo naitoa kwa msomaji aipime. Haki ya kusahihisha haitokani na cheo wala umri wala alama za mtihani. Inatokana na masharti matatu ambayo anayesahihisha lazima ayakubali: aweke jina lake, aseme sababu yake, na awe tayari kusahihishwa kwa kipimo kilekile. Anayetimiza masharti hayo ana haki ya kugusa maneno ya mwenziwe, hata kama ni mdogo kwake. Asiyeyatimiza anafuta tu, na kufuta kwa namna hiyo ni kumnyima mtu kauli bila kumsikiliza. Nasema haya nikijua uzito wake katika jamii yetu. Tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na malezi hayo yana hekima yake, kwani yamezuia ugomvi mwingi. Lakini kuna njia ya kumkosoa mkubwa kwa heshima, nayo hufundishwa: kuuliza kabla ya kufuta, kutaja ulipolipata jambo, kuacha mlango wa kujibiwa. Hata mwalimu aingie katika kanuni hiyo. Darasa ambamo mwalimu peke yake hasahihishwi linafundisha, bila kukusudia, kwamba ukweli hufuata cheo.

Wapo watakaosema kwamba palipo na kalamu nyingi uongo utaingia. Ni kweli, utaingia. Mwaka 2005 mtu mmoja nchini Marekani aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza, kwa kumfanyia mwenziwe wa kazini mzaha, kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler alidhaniwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Seigenthaler alikuwa amewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy na miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Uzushi huo ulikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa. Aliyeuandika hakuweka jina, hakutaja chanzo, na hakutazamia kuulizwa; yale masharti matatu yote yalikosekana. Baada ya mkasa huo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha kurasa mpya. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kuwapa wataalamu makala 42 za sayansi za Wikipedia na za Encyclopaedia Britannica wazilinganishe. Kwa wastani walikuta makosa kama manne katika kila makala ya Wikipedia, na kama matatu katika ya Britannica. Wenye Britannica walipinga vikali namna kazi hiyo ilivyofanywa. Mimi nachukua funzo dogo tu: hata kitabu kilichoandikwa na mabingwa kina makosa, na mwanafunzi anayedhani kwamba chapa nzuri ni dhamana ya ukweli amefundishwa nusu.

Hofu nyingine naikubali zaidi. Neno lililowekwa hadharani haliozi. Daftari la darasa la tano huishia kufungia vitumbua; blogu ya mtoto wa miaka kumi na miwili huweza kumngojea atakapoomba kazi akiwa na thelathini. Sheria nazo zimeanza kuingia humo. Tanzania ilitunga mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kupata leseni na kulipa ada, na mwaka 2022 ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo mwalimu asimsukume mtoto uwanjani kwa sababu tu uwanja upo. Wiki ya ndani ya chuo, kama ile tuliyoitumia, ina wasomaji halisi lakini ina kuta. Kwa watoto wadogo kuta hizo ni lazima, na jina kamili la mtoto na picha yake havina sababu ya kutoka nje yake. Haki ya kukosea bila kukumbushwa maisha yote ni sehemu ya haki ya kusoma.

Hoja ya tatu ni ya ukata. Shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, umeme hukatika, na shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Ipo programu iitwayo Kiwix inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, nayo ni msaada mkubwa. Lakini humwezesha mtoto kusoma tu, na mimi hapa naisemea kalamu. Kwa shule za namna hiyo napendekeza kitu ambacho duka lolote la vifaa vya shule linacho: daftari kubwa la kaunta. Darasa lichague jambo moja la mahali pake: kisima cha kijiji, asili ya jina la mtaa, ugonjwa wa mihogo. Ukurasa wa kushoto huandikwa maelezo. Ukurasa wa kulia huachwa kwa majadiliano. Anayetaka kubadilisha neno hulipiga mstari mmoja mwembamba ili bado lisomeke, akaandika jipya juu yake, kisha upande wa kulia akaweka jina, tarehe na sababu. Mwisho wa muhula darasa hunakili maelezo safi katika karatasi na kuyabandika ukutani, na daftari hubaki kabatini likiwa na historia yote. Nimeona wanachuo wakilipeleka daftari kama hilo katika mazoezi ya kufundisha. Watoto hugombania zamu ya upande wa kulia.

Liko jambo la alama, ambalo walimu wenzangu hunidai jibu. Katika kazi ya pamoja mmoja hubeba, wengine hupanda. Historia ya wiki husaidia, kwa kuwa huonyesha nani alileta nini na lini. Lakini kuhesabu mabadiliko pekee ni kosa, kwa maana mwanafunzi mjanja atahamisha nukta mara hamsini akadai amefanya kazi. Mimi nilikuwa nikisoma majadiliano kwanza. Aliyemwuliza mwenziwe swali zuri, aliyekubali hoja iliyompinga, aliyerudi na jibu kutoka kwa mzee wa mtaani, huyo nilimpa alama zake hata kama sentensi zake katika ukurasa wa mbele zilikuwa mbili. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoanza kuenea programu zinazomwandikia mtu insha nzima kwa dakika moja, njia hiyo imekuwa na maana zaidi. Matini safi haithibitishi tena kwamba kuna aliyefikiri. Mwalimu atayaona mawazo ya mwanafunzi katika maswali aliyouliza na katika yale aliyoyabadilisha baada ya kujibiwa.

Sidai kwamba kompyuta itamfundisha mtu maadili. Mashine ile ile iliyohifadhi mistari miwili ya wale vijana wangu ndiyo inayohifadhi matusi ya watu wasiojuana. Kazi ya mwalimu ni kusimama karibu mara ya kwanza mwanafunzi anapofuta neno la mwenziwe, na kumwuliza: umeweka jina lako? Umesema sababu? Ukifanyiwa hivyo utakubali? Wanafunzi wetu watakuwa wajumbe wa kamati, mahakimu, wahariri, wakunga, wazazi. Na katika kila kazi hiyo watapewa kalamu nyekundu ya aina fulani, na watu wengine wataishi na yale waliyoyafuta. Ni afadhali wajifunze kuishika mapema, wakati kosa likitokea bado laweza kurudishwa kwa kufungua ukurasa wa historia.

Aliye na darasa Jumatatu aanze na daftari moja la kaunta.